Tembo ametoka kama boga: pa kuanzia ukitaka kufuma wanyama wa kiganjani

Swali la msomaji: "Shikamoo mama. Nipo Mwanza, nina miaka 26. Vitambaa vya makochi nafuma tangu nikiwa kidato cha pili, bibi ndiye aliyenifundisha. Sasa nimeona mtandaoni wanyama wadogo wa kufuma, wale wa kukaa kiganjani, nikawapenda mno. Nikanunua uzi wa sweta na sindano ya kroshia ya milimita 4, nikajaribu tembo. Ametoka mkubwa kama boga, pamba inachungulia kwenye matundu, mkonga umelala na kichwa kinazunguka kama cha bundi. Nimekosea wapi? Nianzie wapi, na ninunue nini ambacho sina?"

Marahaba, mwanangu. Hapo kwenye bundi nimecheka peke yangu. Tembo wangu wa kwanza naye alikuwa kituko: miguu mitatu mirefu, mmoja mfupi, ukimsimamisha anaanguka kama katoka kilabuni. Tembo si mnyama wa kuanzia. Hesabu vipande vyake: kichwa, kiwiliwili, mkonga, masikio mawili, miguu minne, mkia. Vipande kumi, na kila kimoja ni nafasi ya kukosea upya. Mweke pembeni, tutamrudia.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo rahisi. Sindano ile ya milimita 4 hukuihitaji. Ile nyembamba ya chuma uliyofumia vitambaa vya bibi, ambayo bila shaka imelala ndani ya kopo la maziwa na vifungo vilivyokosa mashati, ndiyo sindano ya wanyama wadogo. Na uzi wa pamba uliobaki kwenye vitambaa ndio uzi wenyewe. Wengi wanaotoka kwenye vitambaa hukosea hapo: wakiona mafunzo mtandaoni yanafanywa kwa sindano nene, kwa sababu nene inaonekana vizuri kwenye kamera, wanadhani kazi mpya lazima iwe na vifaa vipya.

Maelekezo ya mnyama wa kufuma hayana ukubwa ndani yake. Ni hesabu ya mishono tu: sita, kumi na mbili, kumi na nane. Anayeamua kama atakuwa boga au ukwaju ni uzi na sindano. Chukua rula, fuma mishono kumi mfululizo, pima, gawanya kwa kumi. Huo ndio upana wa mshono wako. Uzi wa sweta kwa sindano ya milimita 4 utakupa karibu milimita 6 kwa mshono. Mpira wenye mishono 48 kiunoni hapo una mzingo wa milimita 288. Gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha sentimita 9. Boga lako hilo. Hesabu zilezile, uzi wa vitambaa na sindano ya milimita 1.5, mshono unakuwa kama milimita 2.5, na mpira unashuka hadi sentimita 4 kasoro. Ukipunguza mishono iwe 24 badala ya 48, unapata kitu cha chini ya sentimita 2, kinachokaa kwenye ncha ya kidole gumba.

Hata hivyo usikimbilie huko moja kwa moja. Hili nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha na nusu yao hawanisikii. Mnyama wa kwanza mfume kwa uzi wa unene wa kati, rangi ya kung'aa, sindano ya 2.5 au 3. Uone mishono, uihesabu bila kukodoa macho, ukikosea ufumue bila kulia. Akishakubali, mfume yuleyule kwa uzi mwembamba zaidi, halafu mwembamba tena. Usianze na uzi mweusi, hutaona tundu la kuingiza sindano. Wala usianze na uzi wenye manyoya. Ule ni wa watu ambao vidole vyao vimeshajua njia gizani.

Sasa yale matundu. Yana sababu tatu, na nadhani kwako zote zilikuwepo.

Ya kwanza ni sindano kuwa nene kuliko kazi. Karatasi inayozunguka bunda la uzi huandikwa namba ya sindano inayofaa, lakini namba hiyo ni ya sweta au shali, nguo inayotakiwa kulegea na kuanguka vizuri mwilini. Mnyama anatakiwa awe mgumu, asipitishe hata mwanga. Kwa hiyo shuka: karatasi ikisema 4, wewe tumia 2.5 au 3. Soma milimita peke yake. Zile namba nyingine za sindano za chuma zitakuchanganya, maana kwa mtindo wa Kimarekani namba ikipanda sindano ndiyo inazidi kuwa nyembamba.

Ya pili ni aina ya mshono. Kwenye vitambaa tumezoea mshono mrefu, ule wa kuzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingia, kwa sababu unakimbia na unaacha nafasi za maua. Mnyama anafumwa kwa mshono mfupi tu: ingiza sindano, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili, vuta uzi upite vyote viwili kwa mara moja. Basi. Na kuna siri ndogo. Unapoingiza sindano na kwenda kuchukua uzi, wengi tunauzungusha uzi juu ya sindano. Jaribu kinyume: laza sindano juu ya uzi, uukamate kwa kulabu ukiwa chini, uuvute. Mshono utatoka umekaa kama alama ya X badala ya V, umejibana, na mnyama mzima atakuwa mdogo na mgumu zaidi kwa uzi uleule. Vidole vitakataa siku mbili za mwanzo. Vilazimishe.

Ya tatu ni mwanzo wako. Kitambaa tunakianza kwa mnyororo mdogo uliofungwa kuwa duara, na tundu la katikati linabaki kuwa jicho la ua. Kwa mnyama tundu hilo ndilo dirisha la pamba. Anza kwa kitanzi cha kukaza: zungusha uzi kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto, fuma mishono mifupi sita kuzunguka kitanzi hicho, ukishika uzi wote wawili, ule wa kitanzi na mkia wake, yaani ncha fupi ya uzi iliyobaki, kisha vuta mkia. Duara linajifunga lenyewe mpaka huwezi kupitisha hata unywele. Vikikushinda vidole, fuma vijicho viwili vya mnyororo, na mishono yote sita iingize kwenye kile cha pili kutoka kwenye sindano. Matokeo yanakaribiana, na hakuna atakayekuuliza.

Utajiuliza kwa nini sita. Mimi niliambiwa ni sita nikakubali, mpaka siku mwanafunzi mmoja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, akanichorea kwenye mchanga. Duara likiongezeka upana kwa kimo cha mshono mmoja kila upande, mzingo wake unaongezeka kwa kimo hicho mara mbili mara 3.14, yaani mara 6.28. Mshono mfupi una kimo karibu sawa na upana wake, kwa hiyo kila mzunguko unadai mishono sita zaidi ili duara lilale sawa. Mshono mrefu una kimo kama mara mbili, ndiyo maana vitambaa vyetu vinaanza na kumi na mbili. Ukiongeza chini ya sita, kazi inajikunja kama bakuli. Ukizidisha, inajikunjakunja pembeni kama sketi ya marinda. Ukijua hilo humwogopi tena mnyama yeyote. Anayefuma kofia au kiondo anaijua kanuni hii kwa mikono hata kama hajawahi kuitamka: unaanzia kitovuni, unapanua, ukifika upana unaotaka unaacha kuongeza, ukuta unapanda wenyewe.

Sasa mnyama wa kuanza naye: kifaranga. Yai lenye mdomo, wala hana shingo ya kukusumbua.

Kitanzi cha kukaza, mishono 6. Mzunguko wa pili, kila mshono uutie miwili, unapata 12. Wa tatu, mmoja wa kawaida, unaofuata utie miwili, hivyohivyo mpaka mwisho: 18. Wa nne, miwili ya kawaida kisha mmoja wa kutia miwili: 24. Hapo umefika upana. Mizunguko mitano inayofuata, wa tano hadi wa tisa, fuma 24 tu bila kuongeza wala kupunguza. Wa kumi anza kushuka: miwili ya kawaida, kisha unganisha miwili kuwa mmoja, hadi mwisho, 18. Wa kumi na moja, mmoja wa kawaida na kuunganisha miwili: 12. Jaza pamba. Wa kumi na mbili, unganisha miwili miwili: 6. Kata uzi, upitishe kwenye sindano ya kushonea, pita kwenye nyuzi za mbele za ile mishono sita, vuta, tundu limefungwa. Mishono 216 yote kwa jumla. Mtu mwenye mkono kama wako anamaliza kabla maharage hayajaiva.

Mizunguko hii haiunganishwi. Kwenye kitambaa unafunga kila duara kabla ya kupanda. Hapa unazunguka tu kama ngazi ya mnara, ndiyo maana hutaona mstari wa kuungia. Ubaya wake ni kwamba hujui mzunguko umeishia wapi. Weka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, ukifika unakihamisha. Usiniambie utahesabu kichwani. Jirani atapita atauliza bei ya dagaa, na hesabu imekwenda.

Kuunganisha miwili kuwa mmoja kuna namna ya kufanya kusionekane. Kila mshono juu una nyuzi mbili, ya mbele na ya nyuma. Ingiza sindano kwenye uzi wa mbele wa mshono wa kwanza, kisha, kabla hujavuta kitu, kwenye uzi wa mbele wa mshono wa pili. Sasa vuta uzi upite hizo mbili kwa pamoja, umalizie kama kawaida. Ukishika nyuzi zote nne kama tulivyozoea, unapata kigugu na kitundu pembeni yake, na pamba inakipenda hicho kitundu kuliko mahali pengine popote.

Kingine ambacho hujakiuliza ila nina shaka nacho: kazi ina uso na mgongo. Kwenye uso unaona vijiti vidogo vya V au X vimepangana. Kwenye mgongo kuna vipande vya uzi vilivyolala mlalo, kama matofali. Bakuli likianza kujikunja, mara nyingi linajikunja mgongo ukiwa nje. Ligeuze kama unavyogeuza soksi mzunguko wa tatu au wa nne, uendelee ukiwa umeutazama uso. Nimeona tembo wenye miguu miwili ya ngozi moja na miwili ya ngozi nyingine, na mfumaji akaapa uzi una kasoro.

Kuhusu pamba. Ile ya kujazia mito, nyeupe ya kutengenezwa kiwandani, ndiyo bora: nyepesi, inaoshwa, inakauka. Pamba ya dukani ya hospitali inashikamana kuwa donge ikilowa na haikauki haraka. Sufi nimeitumia kwa upumbavu wangu. Nilifumua mto wa zamani, nikajaza sungura kumi, na baada ya wiki moja nyuzi za sufi zilikuwa zimetoka kwenye kila mshono kama ndevu za beberu, na mtoto wa dada anapiga chafya. Sufi ni nyuzi fupi, laini, zinateleza; kwenye godoro lenye kitambaa kizito zimetulia, kwenye kazi ya sindano hazitulii. Ila mchele ndio ulionitia aibu zaidi. Nilitaka bata akae wima, nikamwekea mchele tumboni awe na uzito, nikamfungia kabatini. Panya walimtoboa usiku uleule. Siku hizi naweka kokoto zilizooshwa, nimezifunga kwenye kitambaa, na ni kwa mapambo ya mezani tu, si kwa mtoto.

Pamba ichambue kwanza iwe vipande vidogo vidogo vilivyofumuka, usisokomeze donge zima. Tumia kijiti cha mshikaki, upande butu, anza pembeni umalizie katikati. Jaza mpaka uone imetosha, kisha ongeza kidogo, kwa sababu pamba hushuka. Ukiona mishono inaachana, umezidisha.

Macho yanampa mnyama nafsi, na hapo ndipo ninapogombana na watu. Kama anakwenda kwa mtoto chini ya miaka mitatu, hapana shanga, hapana kifungo, na hata yale macho ya plastiki yenye kidude cha kubana kwa ndani hapana. Mtoto hung'ata na huvuta, mshono ukilegea jicho linachomoka, na kinachofuata ni koo. Darizi macho kwa uzi mweusi, mishono mitatu au minne juu ya mingine. Yadarizi baada ya mzunguko wa kumi na moja, kabla ya kujaza, ili fundo libaki ndani. Kwa kifaranga yaweke kati ya mzunguko wa sita na wa saba, yakiachana mishono mitano au sita. Macho yakiwa chini na mbalimbali mnyama anaonekana mtoto. Yakiwa juu na karibukaribu anaonekana mkaguzi wa leseni. Jaribu kwa pini kabla hujashona. Mdomo ni mishono michache ya uzi wa rangi ya chungwa, na bawa ni mzunguko wa mishono 6, kisha wa mishono 12, unakunja nusu na kuushona ubavuni.

Ukienda kwenye maelekezo ya Kiingereza mtandaoni, ambayo ndiyo mengi, angalia kwanza ni ya Marekani au ya Uingereza. Mshono wetu mfupi Wamarekani wanauandika sc, Waingereza wanauandika dc. Balaa ni kwamba dc kwa Mmarekani ni mshono mrefu. Ukichanganya, kifaranga kinatoka kama mbuni. Maelekezo mengi ya wanyama yanatumia mtindo wa Kimarekani; ukiona sc mahali popote, umepata jibu. Ukitaka kutafuta, andika amigurumi. Ni jina la Kijapani la kazi hii, limeunganishwa kutokana na neno la kufuma na neno la mwanasesere wa kujazwa.

Kichwa cha bundi sasa. Nahisi ulifunga kichwa mpaka mishono sita, ukafunga na kiwiliwili mpaka sita, kisha ukashona nukta kwa nukta. Hapo lazima kizunguke, ni kama kuweka chungwa juu ya chungwa. Kiwiliwili usikifunge: kiache wazi kwenye mishono 12 au 18, kichwa kikalie mdomo wake, na ushone kuzunguka mdomo wote, mshono kwa mshono. Kabla ya kumaliza raundi ya kushona, sokomeza pamba shingoni mpaka iwe ngumu kama fundo. Shingo hulegea kwa kukosa pamba kuliko kwa kukosa uzi. Au fanya ninavyopenda mimi kwa wanyama wadogo kabisa: kichwa na kiwiliwili kipande kimoja, unashuka hadi 12 shingoni kisha unapanda tena. Ukishafika chini ya sentimita 3, kila kiungo cha kushona ni mateso. Hata masikio wengine tunayafuma palepale kwenye kichwa.

Mkonga unalala kwa sababu bomba lililonyooka halijui kupinda. Fuma bomba la mishono 8, na kila mzunguko upande mmoja unganisha miwili, upande wa pili ongeza mmoja. Hesabu inabaki 8, lakini upande unaoongezwa unarefuka, na mkonga unapinda kuelekea ule unaopunguzwa. Mizunguko mitano au sita ya hivyo inatosha. Ujaze kidogo mno, nusu ya chini tu.

Ukishafika kwenye uzi wa kudarizi, ule unaokuja na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, zitenganishe utumie tatu, na sindano ya milimita 1 hadi 1.25. Kazi hiyo ifanye mchana, dirishani, na kila nusu saa uache, unyooshe kidole gumba na kifundo cha mkono. Taa ya chumbani haitoshi, na umeme wenyewe unaujua.

Ule uzi wa boga usiutupe. Kata uzi wa kuungia tu, taratibu, uvitenganishe vipande, utafute mkia wa mwisho wa kila kipande na ukifumue kutoka hapo. Utatoka na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu, uloweke kwenye maji ya vuguvugu, uutundike na kitu chepesi cha kuuvuta chini, kijiko kinatosha. Ukikauka umenyooka. Huo ufumie vifaranga wa kwanza kwa sindano ya 3. Nina hakika watatoka zaidi ya kumi, na yule wa kumi utamwona alivyo tofauti na wa kwanza.